Nilivyozoea kuchipu kwenye nyasi za kikuyu baada ya kutoka pwani

Mimi golfu nilijifunzia Mombasa, na huko chipu yangu, yaani lile pigo fupi la karibu na grini, ilikuwa moja tu, nashika fimbo namba 8, nausukuma mpira taratibu kama naputi (kuuviringisha chini kuelekea shimo), unatua kabla ya grini, lile eneo la nyasi fupi sana lenye shimo, halafu unabingirika wenyewe mpaka karibu na shimo. Nyasi za bermuda za pwani zikikatwa fupi na ardhi ikiwa kavu mpira haukwami. Kisha kazi ikanileta Nairobi na ile chipu ikakataa kabisa.

Anayecheza huku anazijua nyasi za kikuyu. Asili yake ni hizi hizi nyanda za juu za Afrika Mashariki, ndio maana zikaitwa hivyo, na siku hizi ziko mpaka Australia na California, hata uwanja wa gofu wa Riviera kule Los Angeles wanacheza juu yake. Zinatambaa na kusukana kama mkeka. Kwenye faiwei, ile njia iliyofyekwa ya kuelekea grini, ni raha maana mpira unakaa juu juu, unaupiga vizuri. Pembeni mwa grini sasa ndio kuna kazi, mpira ukitua hapo hata kama imebaki hatua moja kuingia grini unafia papo hapo, na fimbo nayo inanaswa shingoni, uso wake unaopiga mpira unajifunga, mpira unaenda kushoto.

Aliyenifungua macho ni kedi, mbeba fimbo, mmoja wa siku nyingi. Aliniambia, "Mwanangu, mpira utue ndani ya grini, hizo nyasi uziruke zote, halafu uchague fimbo kwa hesabu." Hesabu yenyewe ni ile ya 12 na mpaka leo ndio naitumia. Unahesabu hatua kutoka kwenye mpira mpaka pale unapotaka utue, mimi napenda hatua moja ndani ya grini, halafu unahesabu kutoka pale mpaka shimoni. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, jibu utoe kwenye 12. Mfano mpira uko hatua 2 nje ya grini, unatua hatua 1 ndani, hizo ni 3 za hewani. Shimo liko hatua 9 mbele ya hapo, 9 kwa 3 ni 3, toa kwenye 12 inabaki 9, basi shika namba 9. Shimo likiwa hatua 6 tu inakuja 10, hiyo ni pichingi wedji, fimbo inayofuata baada ya 9, likiwa hatua 3 inakuja 11 na mimi hapo nachukua sendi wedji, inayoinua mpira zaidi. Grini ikipanda nashuka namba moja, kama ilikuwa 9 nashika 8, na ikiteremka napanda namba moja.

Utamu wake ni kwamba mkono haubadiliki, fimbo ndio inabadilika. Miguu naiweka karibu karibu, uzito nauweka mguu wa kushoto na unabaki huko huko mpaka mwisho, mpira nauweka nyuma kidogo ya katikati, mikono iko mbele ya mpira kidogo, halafu mabega ndio yanafanya kazi, viganja vimetulia. Kuna wanaosema fimbo moja inatosha, wanamtaja Seve Ballesteros, Mhispania aliyeshinda mashindano ya Kenya Open 1978, kwamba utotoni alijifunza kila kitu kwa fimbo namba 3 moja ufukweni kwao Pedreña. Ni kweli, ila yule alikuwa na kipaji cha ajabu na alishinda mchezoni kutwa, sisi wa Jumapili kwa Jumapili tunahitaji kitu kinachojirudia.

Mpira ukizama ndani ya kikuyu hesabu naiweka pembeni. Hapo ni sendi wedji yenye uso uliolala digrii 56 tu, uso naufungua kidogo kabla sijaishika, halafu naikamata kwa nguvu kuliko kawaida hasa mkono wa kushoto ili nyasi zisiigeuze, mpira unakuja katikati, nainua fimbo wima kidogo na kuishusha bila kupunguza mwendo hata chembe, maana ukisita tu nyasi zinaidaka. Kile kitako kinene cha sendi wedji ndicho kinachopita, ukiishusha kwa makali ya mbele itachimba.

Mazoezini natandika taulo dogo ndani ya grini nalenga mpira utue juu ya taulo, shimo silitazami kabisa. Nachipu na sendi, pichingi, 9 na 8 kwa zamu nikiangalia kila moja inabingirika kiasi gani baada ya kutua. Fanya hivyo kwenye grini za klabu yako, maana kwangu mvua za Machi mpaka Mei zikishika grini zinakuwa nzito na ile 9 haifiki, nashika 8 kwa shimo lile lile.