Hesabu Kwenye Sahani ya Karatasi

Jumanne ya tarehe 13 Juni 2023, saa kumi jioni, maegesho ya uwanja wa Coliseum mjini Oakland, California, yalikuwa yananukia nyama choma. Buti za magari wazi, majiko ya mkaa yanawaka, na karibu kila mtu amevaa fulana ya kijani yenye neno moja kifuani: SELL. Uza. Fulana ziligawiwa bure, zimelipiwa kwa mchango wa mashabiki wenyewe.

Timu ilikuwa Athletics, ya besiboli, ambayo wenyeji huiita A's. Mwezi Aprili ilijulikana kuwa mwenye timu amefikia makubaliano ya kununua kiwanja Las Vegas, na sababu iliyorudiwa kila siku ni kwamba watu wa Oakland hawaji uwanjani. Ni kweli, mwezi Mei kuna mechi iliyouza tiketi 2,064 tu. Basi mashabiki wakaamua kugeuza mgomo: waje wote kwa pamoja, siku ya kazi, dhidi ya Tampa Bay Rays, ionekane kasoro iko kwa nani.

Nilikwenda na mzee mmoja wa Tanga ambaye maisha yake yote amekaa na vitabu vya mahesabu. Besiboli haijui vizuri, lakini mizania ya timu alikuwa anaifuatilia kama wengine wanavyofuatilia tamthilia.

"Mzee, hii timu imefulia kweli?"

"Kilichofulia ni kikosi, bwana mdogo. Timu haijafulia. Usichanganye."

Akachukua sahani ya karatasi iliyokuwa na mafuta ya soseji upande mmoja, akaigeuza, akaomba kalamu.

Alianza na mishahara. Kikosi cha mechi kina wachezaji 26, na kima cha chini mwaka ule kilikuwa dola 720,000 kwa kichwa. Ukizidisha unapata dola 18,720,000. Hata ukijaza vijana watupu, chini ya hapo huwezi kushuka. A's walianza msimu na bili isiyofika milioni 60, ndogo kuliko zote katika timu 30, wakati New York Mets wamepita milioni 330. Ligi haina kikomo cha mishahara. Ina kodi tu, ambayo mwaka ule ilianza kumuuma anayevuka milioni 233, na Mets waliamua kuilipa.

Kisha akaandika "TV" na kuizungushia duara. Haki za kurusha mechi kitaifa wakati ule zilileta takribani dola bilioni 1.7 kwa mwaka, zilizogawanywa sawa. Kwa timu 30, kila moja ilipata kati ya milioni 55 na 60 kabla geti halijafunguliwa. Na hapo bado hujaweka televisheni ya eneo.

"Kwa hiyo mishahara ya kikosi kizima imeshalipwa na watu waliokaa sebuleni kwao," akasema.

Mama mmoja mwenyeji, mwenye tiketi ya msimu, alikuwa anasubiri nimtafsirie. Nilipomaliza akauliza: sasa hizi tiketi zetu zinafanya kazi gani? Swali zuri. Mzee akakadiria dola 30 kwa kichwa, akichanganya wa viti vya juu na wa viti vya karibu. Watu 25,000 ni dola 750,000. Usiku mmoja uliofurika namna ile unalipa mchezaji mmoja wa kima cha chini, chenji inabaki kidogo. Mechi za nyumbani ni 81, kwa hiyo ukijaza hivyo kila siku unafika karibu milioni 61. Lakini wastani wao wakati ule ulikuwa kama watu 8,500, na hiyo ni milioni 20 na ushei kwa msimu. Pengo la milioni 40 si dogo, ila halikuanzia getini. Mwaka 2019, timu ikishinda mechi 97, watu zaidi ya milioni 1.6 waliingia uwanja huuhuu mbovu. Mwaka 2022, baada ya nyota kuuzwa, hawakufika laki nane.

Hapo kwenye nyota ndipo mama yule aliposhika yeye usukani. Mchezaji akipanda ligi kuu anafungwa na klabu miaka sita. Kwa miaka takriban mitatu ya kwanza klabu humlipa karibu na kima cha chini. Inayofuata, mshahara unaweza kuamuliwa na msuluhishi, nao hupanda haraka. Baada ya sita yuko huru. Mwaka wa utumishi huhesabiwa siku 172 katika msimu wa siku kama 187, ndiyo maana kijana anayeonekana yuko tayari huachwa daraja la chini wiki mbili na siku kidogo: mwaka hautimii, na klabu inabaki naye msimu mmoja zaidi kwa bei nafuu. Oakland waliujua mchezo huo kwa ncha za vidole. Marcus Semien waliacha mkataba uishe. Matt Olson na Matt Chapman waliuzwa wiki moja Machi 2022, mmoja Atlanta, mwingine Toronto. Desemba akafuata mdakaji, Sean Murphy.

"Wanafuga ndama," mzee akasema, "akianza kutoa maziwa wanampeleka mnadani."

Nikauliza lile ambalo kila mtu aliyekulia kwenye Simba na Yanga angeuliza: mbona hawashuki daraja? Hakuna kushuka. Wa mwisho anabaki ligi kuu, anapata mgao uleule wa televisheni, na anapewa nafasi nzuri ya kuchagua vijana. Hata zawadi hiyo imepunguzwa: siku hizi timu tatu mbovu kuliko zote zina nafasi sawa ya asilimia 16.5 katika bahati nasibu ya chaguo la kwanza. A's walimaliza 2022 wakiwa wa pili kutoka mkiani, wakachomoa namba sita. Kufeli huko nako walifeli.

Sahani ilikuwa imebaki na kona moja. Mzee akaandika 180, mshale, 1,180. Timu ilinunuliwa mwaka 2005 kwa dola milioni 180, na jarida la Forbes mwaka 2023 liliikadiria bilioni 1.18. Chini yake akaongeza tarehe: 15 Januari 2024. Kila timu huchangia asilimia 48 ya mapato yake ya nyumbani, baada ya gharama za uwanja, kwenye chungu kimoja kinachogawanywa sawa. Oakland walikuwa wametolewa hatua kwa hatua kwenye orodha ya wanaonufaika, wakarudishwa mwaka 2022 kwa sharti: wawe na makubaliano ya uwanja mpya kabla ya tarehe hiyo, la sivyo mgao unakatika. Mimi nilikuwa naona haraka ya Las Vegas kama kiburi tu. Kumbe ilikuwa na tarehe ya kuisha.

Tukaingia. Jukwaa la juu kule nyuma, lililoongezwa miaka ya tisini kwa ajili ya Raiders, timu ya futiboli ya Kimarekani ambayo nayo imeshahamia Las Vegas, lilikaa tupu kama kawaida yake. Kwingine kijani kitupu. Awamu ya tano ilipoanza, watu wote wakanyamaza kwa mpigaji wa kwanza. Maelfu ya watu, na unasikia mpira ukiingia kwenye glavu. Alipomalizana na mrushaji wakasimama wote: "Uza timu! Uza timu!" Kwa Kiingereza, bila shaka, lakini mzee alikuwa anapiga ya kwake.

A's, timu mbovu kuliko zote msimu ule, wakawafunga Rays, waliokuwa na rekodi bora kuliko wote, 2-1. Ulikuwa ushindi wa saba mfululizo, na rekodi ikawa 19 kwa 50, yaani kushinda 19 na kufungwa 50. Siku hiyohiyo Seneti ya Nevada, jimbo lenye Las Vegas, ilipitisha muswada wa dola milioni 380 za umma kwa ajili ya uwanja wa Las Vegas. Kesho yake Bunge la jimbo likafuata, keshokutwa gavana akasaini. Novemba wenye timu wote 30 wakakubali A's wahame.

Klabu ilitangaza kwamba mapato ya tiketi za usiku ule yanakwenda kwenye misaada: dola 811,107. Waliohesabiwa ni 27,759. Mzee akanitumia ujumbe wa sauti.

"Nimegawanya. Dola 29 na senti 22. Mimi nilisema 30. Sasa hizo senti 78 nani kazila?"