Kikombe cha kahawa kwenye begi la uzazi

Mimba yangu imetimiza wiki 36. Daktari ameshanipangia upasuaji wiki ya 39, kwa kuwa hata wa kwanza alitoka kwa kisu, na watu wakinijulia hali hunipa pole ya kisu. Kisu sikiogopi. Ninachokiogopa ni siku ya nne.

Mwaka 2021, siku ya nne baada ya kumzaa binti yangu, niliamka alfajiri matiti yamejaa mpaka kwapani, magumu, yanawaka moto. Maziwa yalikuwepo tele, ila mtoto hakuweza kuyatoa. Alikuwa ameshazoea chupa. Ganzi ilipokuwa bado haijaniisha alipewa maziwa ya kopo, nami nikaletewa kesho yake mchana, ameshiba, amelala fofofo. Hakuna aliyekusudia kunidhuru. Kila mtu alitaka nipumzike. Lakini titi likijaa namna ile, chuchu hujivuta na mtoto hapati pa kushika, basi anakamata ncha tu na kuitafuna. Siku mbili hazikupita, chuchu zote mbili zikawa zimepasuka. Kila akianza kunyonya niliuma pindo la khanga nisipige kelele, kwa sababu mama mkwe alikuwa amelala chumba hicho hicho.

Alizaliwa na kilo 3.1. Wiki ya pili, kliniki, mzani ukasoma 2.7. Mtoto mchanga kupungua kidogo siku za mwanzo ni kawaida, lakini zikitimia wiki mbili anatakiwa awe ameurudia uzito aliozaliwa nao. Wangu alikuwa bado anashuka. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Maziwa yake mepesi kama maji. Mtoto ana kimeo, apelekwe akakatwe. Jirani mmoja akanong'ona kwamba nimembemenda, yaani nimelala na mume mtoto akiwa bado ananyonya, mimi ambaye hata mshono haujakauka! La kimeo namshukuru mume wangu, alisimama mlangoni akakataa katakata, maana wembe ule umewatoa damu na kuwatia vidonda watoto wengi. Mengine yaliniingia, nikayaamini. Wiki ya tano titi la kushoto likaota jipu, likapasuliwa, na alipofika miezi miwili binti yangu akawa mtoto wa kopo moja kwa moja. Kopo la gramu 400 lilikuwa linaisha kwa siku nne. Nilikuwa nakoroga yale maziwa usiku huku nalia.

Safari hii, wiki ya 24, mkunga wa kliniki alikuwa ananipima presha akauliza tu, "Wa kwanza alinyonya mpaka lini?" Machozi yakanitoka. Akaniambia nimsubiri amalize foleni. Saa saba mchana akafunga mlango, akakunja taulo likawa kama mtoto, akanipa. "Nionyeshe ulivyokuwa unampakata."

Nikalilaza taulo chali mapajani, kisha nikainama na titi kulifuata. Akatikisa kichwa taratibu.

"Mtoto hanyonyi chuchu, mwanangu. Ananyonya titi."

Akanishika mikono. Mtoto ageuzwe mwili mzima, tumbo lake liguse tumbo langu, sikio, bega na nyonga vikae mstari mmoja. Pua yake ielekee chuchu. Nimguse mdomo wa juu kwa chuchu halafu nisubiri, nisiharakishe, mpaka aachame kama anayepiga miayo, ndipo nimvute yeye kwenye titi. Kidevu kizame kwenye titi, mdomo wa chini ubinuke kwa nje, na weusi wa titi uonekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Maumivu yakiendelea, nichomeke kidole kidogo kisafi pembeni mwa mdomo wake, nimtoe, nianze upya. Nilikumbuka zile wiki zote. Sikumtoa hata mara moja. Nilidhani maumivu ndiyo kunyonyesha kwenyewe.

Tangu siku hiyo nafanya mazoezi nyumbani. Nafunga unga wa kilo mbili na sukari kilo moja ndani ya khanga, napata kilo tatu za kupakata. Kwa sababu ya mshono, mkunga alinifundisha kumshika mtoto kwapani, miguu yake ielekee nyuma yangu na mto umbebe, ili uzito usikae tumboni. Mara ya kwanza mkono uliniuma ndani ya dakika tatu. Sasa najua mto upi na kiti kipi. Binti yangu hukaa pembeni akiushika mto, na juzi aliniambia nimfunike mtoto wa unga asipate baridi.

Nimeshauriwa mengi mengine. Rafiki yangu alinihimiza nisugue chuchu kwa taulo gumu zikomae. Mkunga alikataa: kusugua hakukomazi, kunachubua. Matiti yenyewe, aliniambia, hayahitaji kuandaliwa sana. Wa kuandaliwa ni watu watakaokuwa chumbani.

Neno hilo sikulala nalo vizuri, kwa sababu mtu wa kwanza kwenye orodha alikuwa mama mkwe, na ndiye aliyesema maziwa yangu ni mepesi. Nilichukua wiki mbili kupata ujasiri. Mwishowe nilimwomba, "Mama, naomba unisindikize kliniki." Hakuuliza sababu, akavaa baibui tukaenda.

Mkunga alimsalimia "Shikamoo mama", akamkalisha, akachukua kijiko cha chai. Akamweleza kwamba tumbo la mtoto siku ya kwanza ni kama gololi, kiasi kile kijiko kimoja kinalitosha kwa mlo, na dang'a, ile ya njano nzito inayotoka kwa matone, ndiyo kipimo chake hasa. Chupa nzima inamshibisha akalala, titi halinyonywi, na titi lisiponyonywa halipati taarifa ya kutengeneza. Maziwa yanayotangulia kwenye titi lililojaa huonekana mepesi, yenye mafuta mengi hufuata. Kwa hiyo wepesi ule niliochekwa nao ulikuwa maziwa ya kawaida kabisa.

Mama mkwe alikitazama kile kijiko muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba dang'a ya mtoto wake wa kwanza aliikamulia nyuma ya nyumba kwenye mgomba, kwa sababu bibi yake alimwambia ni uchafu. Siku tatu mtoto alipewa maji ya sukari. "Alikuwa akilia, nami nalia," alisema. "Hakuna aliyetuambia." Nilimshika mkono. Miaka minne nilikuwa na kinyongo na mwanamke aliyelia kilio kilekile nilicholia mimi.

Sasa mipango tunaipanga naye. Nitachomwa ganzi ya mgongoni, nitakuwa macho, kwa hiyo nimeomba mtoto awekwe kifuani kwangu mapema, ikiwezekana ndani ya saa ya kwanza. Nikichelewa kushonwa, mume wangu atavua shati amweke kifuani kwake. Tumeyaandika haya kwenye karatasi na kuibana kwenye kadi ya kliniki. Mama mkwe atakaa nje ya thieta, na akiona chupa atasema, "Subirini kwanza, mama yake yupo." Kama daktari ataona mtoto anahitaji nyongeza kwa sababu ya afya yake, atapewa, sitabishana. Ninachotaka ni tuulizwe.

Kwa kuwa nitafunguliwa tumbo, maziwa mengi yanaweza kuchelewa kidogo. Wiki ijayo, mkunga akiniruhusu, nitaanza kukamua dang'a kwa mkono: dole gumba juu, vidole chini, kusukuma kuelekea kifuani kisha kubana, bila kuteleza kwenye ngozi. Amenionya niache mara moja tumbo likianza kukaza. Na nimechora kurasa kumi za daftari za kuhesabu nepi, maana kuanzia siku ya tano nepi sita zilizolowa kwa siku zitaniambia ukweli kuliko jirani yeyote.

La kazini nililimaliza mapema. Mara ya kwanza nilirudi dukani baada ya siku 84 nikiwa sijui kwamba sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku ndani ya muda wa kazi. Mwezi uliopita nilimpelekea bosi barua. Amesaini.

Jana jioni mama mkwe alikuja kukagua begi. Khanga doti mbili, nepi, daftari, kijiko. Akatoa kwenye mkoba kikombe kidogo cha kahawa, kile kisicho na mkono, cha seti aliyopewa siku ya harusi yake. Alikuwa ameuliza kliniki bila kuniambia: ikibidi mtoto apewe dang'a niliyokamua, kikombe ni bora kuliko chupa, hakimchanganyi. Alikuwa ameshakichemsha, amekifunga kwenye kitambaa cheupe.

Nimekiweka juu kabisa, ili kiwe cha kwanza kuonekana begi likifunguliwa.