Jinsi nilivyoshusha mafuta kwenye ini na damu baada ya kuzielewa jeni zinazoyatengeneza

Tangu uwiano wa uzito na urefu wangu ulipovuka 30, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukitumia kutambua unene uliopitiliza, nilipewa ushauri mmoja tu, tena kwa uhakika mkubwa: acha mafuta. Leo trigliseridi zangu, yaani aina ya mafuta yanayopimwa kwenye damu, ziko chini ya milimoli 1.7 kwa lita, bila dawa ya kuzishusha, na ninaona fahari kulisema hilo. Hata hivyo, ushauri ule bado unanikera, kwa sababu nilipokuwa nikiufuata ini langu liliendelea kujaa mafuta.

Niliufuata kwa uaminifu kamili. Niliacha siagi, njugu na samaki wenye mafuta, nikawa nanunua vyakula vilivyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba havina mafuta. Ukisoma orodha ya viambato kwa maandishi madogo nyuma ya pakiti, unakuta kwamba vingi vimeongezwa sukari na wanga uliokobolewa ili visikose ladha. Mlo wangu wa asubuhi ukawa mkate mweupe na jemu, kiu nikaikata kwa juisi ya matunda, na jioni nikajipongeza kwa mtindi usio na mafuta uliokuwa mtamu kama peremende. Nilipopimwa damu tena baada ya kufunga usiku kucha, trigliseridi zilikuwa zimepanda kuliko mwanzo, na picha ya ultrasaundi ikaonyesha ini lenye mafuta. Mshauri wa lishe aliyekuwa akinihudumia alidokeza kwamba huenda nilikuwa nikificha baadhi ya vitu ninavyokula. Sikuwa nikificha chochote, na ndipo nilipoamua kusoma mwenyewe namna ini linavyotengeneza mafuta.

Nilichojifunza kilibadilisha kabisa namna ninavyotazama sahani. Chakula hakiishii kuwa nishati. Baadhi ya sehemu zake huathiri hata kiini cha seli na kuamua ni jeni zipi zisomwe zaidi na zipi zipunguzwe. Katika seli za ini kuna protini mbili zinazosimamia kazi hiyo upande wa kutengeneza mafuta. Ya kwanza inaitwa SREBP-1c, nayo huchochewa na insulini, homoni ambayo kongosho huitoa kwa wingi baada ya mlo wa wanga. Ya pili inaitwa ChREBP, nayo huchochewa na sukari inapoingia kwenye ini, iwe ni glukosi au fruktosi. Zote mbili hushika sehemu maalumu za DNA na kuongeza usomaji wa jeni za vimeng'enya vinavyogeuza sukari kuwa asidi za mafuta, ambazo ini huziunganisha kuwa trigliseridi, likahifadhi nyingine na kuzimwaga nyingine kwenye damu. Kwa maneno mengine, sehemu ya mafuta yaliyoonekana kwenye vipimo vyangu ilikuwa ikitengenezwa mwilini mwangu kutokana na mkate na juisi nilivyovila kwa imani kwamba havina mafuta.

Jambo moja katika biokemia hiyo nililisoma na kulirudia kwa furaha. Katika hatua za mwanzo za kutengeneza mafuta, ini huzalisha kiungo kiitwacho malonili-KoA, na kiungo hicho hicho huzuia asidi za mafuta zisiingie kwenye mitokondria, mahali zinapochomwa. Ini linalotengeneza mafuta kwa kasi huwa, kwa wakati huo huo, limezuia uchomaji wake. Fruktosi huzidisha tatizo, kwa sababu inapovunjwa kwenye ini hupita kando ya kimeng'enya kinachodhibiti kasi ya uvunjaji wa glukosi, na hivyo malighafi ya kutengeneza mafuta huendelea kumiminika hata pale seli inapokuwa na nishati ya kutosha.

Basi nikabuni jaribio langu, na daktari alikubali kunipima damu kabla na baada ya kila badiliko. Nilijua kwamba nikipunguza sukari na uzito ukashuka, kila mtu atasema ni uzito uliofanya kazi, na mimi nilitaka kuona kazi ya aina ya chakula peke yake. Kwa kuwa gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9 na gramu moja ya wanga hutoa 4, nilipoondoa gramu 9 za sukari niliweka gramu 4 za mafuta ya zeituni au kiasi cha njugu chenye kilokalori hizo hizo. Niliondoa juisi, jemu na mtindi uliotiwa sukari, wala sikugusa kitu kingine chochote. Nilikuwa nikipima kwa mizani ya jikoni, na jamaa zangu waliniona nikimimina mafuta juu ya mboga wakadhani nimekata tamaa. Uzito haukubadilika kwa kiasi cha maana, kama nilivyokusudia. Trigliseridi zilishuka vizuri sana, ilhali nilikuwa nakula mafuta mengi kuliko wakati wowote tangu nipewe ule ushauri wa kuyaacha. Karatasi ya majibu ya siku ile bado ninayo, na nikikutana na mtu anayeniambia kwamba mafuta yote ni sumu, humwonyesha.

Ninapenda kuongeza hapa kwamba si mafuta yote yanayofanana mbele ya jeni. Badiliko langu la pili lilikuwa kurudisha samaki wenye mafuta kwenye milo yangu. Asidi za omega-3 zilizomo, yaani EPA na DHA, hupunguza shughuli ya ile SREBP-1c, na pia huichochea protini nyingine iitwayo PPAR-alfa, ambayo kazi yake ni kuongeza usomaji wa jeni za kuchoma asidi za mafuta kwenye ini. PPAR-alfa ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1990 na Isabelle Issemann na Stephen Green, na ndiyo hiyo hiyo inayolengwa na dawa za jamii ya fibreti zinazotumika kushusha trigliseridi. Niliposoma hayo nilielewa kwa nini chakula na dawa vinaweza kuelekea mlango mmoja, ingawa nguvu zake hazilingani. Vidonge vya mafuta ya samaki kwa dozi kubwa sikuvigusa, kwa sababu dozi hizo ni tiba inayohitaji daktari, na zimehusishwa na ongezeko la mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio.

Nyuzinyuzi niliziongeza pole pole, maana ukiziongeza kwa pupa tumbo hujaa gesi. Bakteria wa utumbo mpana huzichachusha na kutoa, miongoni mwa vitu vingine, butireti. DNA huwa imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, na mzunguko huo ukikazwa jeni hazisomeki kwa urahisi. Butireti huzuia vimeng'enya vinavyochangia kuukaza. Siwezi kumwonyesha mtu karatasi inayotenganisha kazi ya nyuzinyuzi na kazi ya yale mengine, lakini njaa ya katikati ya mchana ilipungua, nami nilishukuru.

Wakati huo huo kulikuwa na mtu aliyenishawishi ninunue kipimo cha vinasaba ambacho, kwa madai yake, kingenieleza kama mwili wangu umeumbwa kwa mlo wenye wanga kidogo au mlo wenye mafuta kidogo. Bei yake ingenitosha kununua samaki kwa miezi kadhaa. Kabla ya kulipa nilisoma utafiti wa DIETFITS, ulioongozwa na Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford na kuchapishwa mwaka 2018. Watu wazima 609 waligawanywa kwa bahati nasibu katika milo hiyo miwili kwa miezi 12. Waliopunguza mafuta walipoteza kilo 5.3 kwa wastani na waliopunguza wanga kilo 6.0, tofauti ambayo haikuwa na uzito wa kitakwimu, na aina ya vinasaba vyao haikutabiri nani angefaulu katika mlo upi. Inafaa kukumbuka kwamba makundi yote mawili yalielekezwa kupunguza sukari na unga uliokobolewa na kula mboga nyingi. Nilikikataa kipimo kile, na ningemshauri yeyote anayeuziwa kitu cha namna hiyo aulize kwanza kimethibitishwa na jaribio gani.

Wapo pia walionifariji kwa kusema kwamba unene wangu umo kwenye jeni, hivyo nisihangaike. Ni kweli kwamba urithi una nafasi kubwa. Jeni ya FTO ilihusishwa na unene mwaka 2007, na watu wazima wenye nakala mbili za aina yenye hatari walikuwa na uzito wa takriban kilo 3 zaidi, kwa wastani, kuliko wasio na hata moja. Lakini uchambuzi wa mwaka 2011 uliokusanya data za watu wazima zaidi ya 200,000 ulionyesha kwamba kwa wale wanaojishughulisha kimwili athari ya aina hiyo kwenye hatari ya unene hupungua kwa karibu robo. Kwangu mimi kilo 3 ni mzigo unaobebeka, na robo ni faida ya kutosha kunitoa nje kila asubuhi.

Baada ya trigliseridi kutulia ndipo nilipoanza kupunguza kiasi cha chakula, na hapo nilijiandaa kwa leptini. Homoni hii, ambayo jeni yake ilitambuliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman, hutolewa na seli za mafuta, na mtu anapopungua nayo hushuka, ubongo ukapokea taarifa kwamba akiba inakwisha na kuongeza njaa. Kwa kuwa nilijua njaa hiyo itakuja, kila mlo niliuwekea protini na nyuzinyuzi za kutosha kabla ya kitu kingine, na sikupunguza kwa kasi. Kiuno nilikipima kwa utepe mara nyingi kuliko nilivyopanda mizani, kwa sababu mafuta ya ndani ya tumbo ndiyo yaliyonitia wasiwasi. Ultrasaundi ya mwisho ilionyesha mafuta ya ini yamepungua waziwazi, na daktari ameniambia nirudi kupimwa baada ya mwaka.