Nilivyomfundisha Chausiku kutembea

Mtamba wangu wa kwanza, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, kumwingiza kwenye maonyesho alikuwa Chausiku, chotara wa Friziani, wale ng'ombe wa maziwa, alizaliwa usiku mvua inanyesha hapo kwetu Pongwe ndo akapata jina. Mama yake tulimpata kwa ule mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, unapewa mtamba mwenye mimba, akizaa jike unamlea, akikua anakwenda kwa familia nyingine inayosubiri zamu. Kwa hiyo Chausiku tangu anadondoka chini hakuwa wetu, na nyumbani sote tulilijua hilo ila hakuna aliyelitaja.

Sasa bwana mifugo akaja akasema kuna maonyesho ya wafugaji kiwanja cha shule, watatazama na wa kupeleka Nane Nane Moro, huyu mtoto ana mgongo mzuri mleteni. Mama akanigeukia mimi. Nlikuwa nimemaliza form four, nipo nipo tu nasubiri matokeo.

Shida ni kwamba ng'ombe wa zero grezing hajui kutembea, na watu wengi hawalifikirii hili. Majani ya tembo analetewa, pumba analetewa, machicha ya nazi analetewa, maji analetewa, safari yake ndefu maishani ni kutoka kwenye hori mpaka anapolala. Kwato nazo zinarefuka tu maana hazina pa kusagika. Mzee mmoja jirani, Mdigo, aliyewahi kuchunga ng'ombe wa shamba la mkonge, akaja na kisu akazipunguza mapema kabisa, akasema ukingoja siku ikaribie anaweza akachechemea mbele ya jaji.

Hatamu ilikuwa ya kamba ya katani, Tanga tena, katani utaikosaje. Ila katani mpya ni kali, pua ikaanza kuchubuka, mama akachana kanga kuukuu akaizungushia pale kamba inapopita juu ya pua. Mzee akaniambia mjukuu wangu usimvute, ukimvuta na yeye anavuta, ana kilo mia mbili na ushee na wewe ulivyo hivo, unategemea nini? Kaza kidogo, subiri, akisogeza hata mguu mmoja legeza palepale. Bas ikawa ndo kazi, nakaza nasubiri nalegeza, siku za mwanzo hatukuvuka hata mwembe wa uani. Jioni jua likipoa, maana mchana wa huku Friziani anahema ulimi nje, tukaanza kwenda naye barabarani azoee bodaboda na watoto wa madrasa. Lori la simenti likapiga honi, akaruka mtaro na mimi kamba mkononi, kaptula ikachanika nyuma, wale watoto wa madrasa sasa hivi ni watu wazima na bado wananikumbusha.

Siku yenyewe tulimwogesha kwa sabuni, mkia mama akauchana kwa chanuo lake mwenyewe. Jaji kasimama kati, sisi tunamzunguka, nipo kushoto kwa ng'ombe, mkono karibu na taya kichwa kisishuke. Akiashiria unasimama, mguu mmoja wa nyuma umetangulia kidogo mwenzie. Chausiku akasimama vizuri kabisa, afu akakojoa, mkojo hauishi, jaji kasubiri na karatasi zake. Akapapasa mbavu, akatazama upana wa nyonga, akainama kuona chuchu nne zimepangikaje, maana mtamba kiwele bado hana, unasoma dalili tu. Tukapewa nafasi ya pili. Wa kwanza alitoka shamba kubwa na kwa haki alistahili, miguu yake ya nyuma ilinyooka kuliko ya wetu. Moro hatukwenda.

Jamaa mmoja wa Muheza akaanza kumwuliza mama bei palepale, mkono ushaingia mfukoni. Mama akamjibu, "Ana mwenyewe huyu, baba."

Mwenyewe alikuwepo, mama mmoja wa Maweni, zamu ilikuwa yake, kaja na wanawe kumwangalia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza mwanangu anakula nini huyu? Nikamtajia. Akasema majani sawa, pumba atatafuta, lakini machicha atoe wapi, kwake nazi haikunwi kila siku. Mama akamwambia si uje uchukue kwetu. Na kweli akawa anakuja Ijumaa na ndoo yake, mpaka Chausiku akazaa, dume.