Nilivyojifunza kuikamata methani ya mikokoni

Mwaka wa kwanza wa utafiti wangu baada ya uzamivu ulienda karibu wote kwa kosa moja: nilikuwa nabeba matope. Maji yakipwa, naingia mikokoni kwenye hori ya Tudor, Mombasa, nadidimiza bomba la plastiki, naliziba juu na chini, kisha napanda nalo tuktuk hadi maabara. Huko mashine inasoma methani, gesi inayotengenezwa na vijidudu vya tope, kiduchu, tena leo hivi, kesho vile.

Aliyenizindua ni mzee anayetuvusha kwa mtumbwi. Siku moja nachomoa bomba, akauliza, "Mwanangu, mbona yachemka hayo?" Nikainama. Viputo vidogo vilikuwa vinapanda ubavuni mwa bomba, kimoja baada ya kingine. Gesi niliyoifuata ilikuwa inatoroka mbele ya macho yangu.

Tope sikulisafirisha tena. Nilitoboa bomba matundu kila sentimita 3, nikayaziba kwa utepe. Likitoka tu, nabandua utepe, napenyeza sirinji iliyokatwa ncha, navuta mililita 3 za tope na kuzisukumia kwenye kichupa chenye maji ya sodiamu haidroksaidi. Kizibo cha mpira, kifuniko cha alumini, natikisa. Dawa hiyo huua vijidudu, kwa hiyo njiani methani haizalishwi wala hailiwi. Mzee naye akawa ananihesabia siku za bamvua, maana ndipo tope la chini kabisa huachwa wazi.

Vichupa vikanipa swali jipya. Maji ya bahari yana salfeti, chumvi yenye salfa, takriban milimoli 28 kwa lita, na bakteria wanaoitumia huwapokonya akea wa methani (vijidudu wanaofanana na bakteria, ndio watengenezaji wa gesi hiyo) chakula chao, haidrojeni na asetati. Harufu ile ya mayai viza ni kazi yao. Methani ingetarajiwa chini, salfeti inakokwisha, na ikipanda iliwe na akea wengine wanaoshirikiana na bakteria haohao. Mimi niliikuta juu, penye salfeti tele!

Nikashuku mikoko yenyewe. Mabaki ya mimea yakioza hutoa methanoli na trimethilamini, chakula ambacho bakteria wa salfeti hawakigombanii sana. Nikagawa tope mafungu mawili, moja nikalipa asetati, jingine trimethilamini. La asetati lilibaki vilevile. La trimethilamini, baada ya siku chache, methani ilipanda hadi nikarudia kipimo mara tatu.

Jioni ile nilimfuata mzee ufukweni nikamweleza. Akauliza kama bamvua ijayo nitauhitaji mtumbwi. Nikamlipa palepale.