Nilivyoajiri mkuu wa teknolojia wa siku moja kwa wiki

Tunauza vipuri vya pikipiki kwa jumla, Dar es Salaam: matawi matatu, mfumo mmoja wa mauzo, kijana mmoja wa IT. Kazi ya kumshughulisha mkuu wa teknolojia wiki nzima haipo. Tulichokosa ni mtu wa kuamua.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta mtu niliorodhesha maamuzi yaliyokwama: tubaki na mfumo wa zamani au tubadilishe, data ikae dukani au kwenye seva ya kukodi, nani aruhusiwe kuona bei za kununulia. Tangazo likisema tu "kusimamia IT", utapata fundi mzuri, na siku yake ya gharama kubwa itaishia kwenye printa.

Siku yake ni Jumanne, kwa kuwa hesabu za wikendi zinafungwa Jumatatu. Analipwa kwa mwezi, pamoja na simu za dharura zenye kikomo. Malipo ya kila saa niliyakataa: wafanyakazi huogopa kumpigia, na tatizo humfikia likiwa limeshakomaa. Bei mkubaliane kabla ya kodi. Kwa mtaalamu mkazi wa Tanzania tunazuia asilimia 5 na kuipeleka TRA, na wengi hutaja kiasi wanachotaka kupokea mkononi.

Kwenye usaili niliuliza kama ana mteja mwingine wa vipuri, na kama muuzaji yeyote wa mifumo humpa kamisheni. Hili la pili liandikwe kwenye mkataba bila aibu. Anayekula pande mbili atakushauri ununue hata pale ambapo kurekebisha kungetosha.

Funguo zote za mifumo, yaani akaunti na nywila, zikae kwa kampuni kabla hajaanza. Domeini, yaani jina la kampuni kwenye mtandao linalobeba tovuti na barua pepe, mara nyingi imesajiliwa kwa barua pepe binafsi ya aliyetengeneza tovuti. Akikasirika au akipoteza namba ya simu, barua pepe za ofisi nzima ziko hatarini. Tulihamishia kila kitu kwenye anwani ya kampuni, na nywila ya msimamizi mkuu iko kwa mkurugenzi.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa majaribio, wenye malipo. Jaribio lililonishawishi ni hili: alichukua nakala rudufu (backup) ya data ya jana yake, akairejesha kwenye kompyuta nyingine, akalinganisha salio la bidhaa kumi na lile la dukani. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa usiihesabu kuwa nakala.

Mgongano hutokea pale kijana wa IT anapokuwa na mabosi wawili. Kwetu, mkuu huyu huamua nini kifanyike, meneja wa ofisi hupanga lini, na kila uamuzi huandikwa kwenye faili moja: tarehe, sababu, gharama. Notisi ya kuachana ni siku 30, na malipo ya mwisho hutoka baada ya faili hilo kukabidhiwa na akaunti zake kufungwa.