Siba, kodoo na gobe

Ikifika muhula wa pili, madaftari ya darasa langu hujaa wanyama waliopungukiwa na sauti. Siba. Kodoo. Gobe. Nafundisha darasa la kwanza hapa Tanga, na kila mwaka ni hivyo hivyo: watoto wameshashika a e i o u, wameshavuka ba be bi bo bu, wanaandika baba, mama na kuku bila taabu, halafu simba anaingia darasani na m yake inapotea. Si uvivu, wala si uzito wa kichwa. Mwambie mtoto atamke, atakwambia "simba", safi kabisa. Mpe penseli, siba.

Katika kazi yangu yote hakuna kitu ninachokipenda kama kosa hili, kwa sababu linaonyesha sikio la mtoto linapokea nini. Mpe mtoto huyo huyo neno "mbu". Ataandika m, ataandika bu, hakosei. Kwa nini? Tupige makofi: m-bu, makofi mawili. Si-mba, makofi mawili vilevile. Lakini kwenye mbu, ile m ina kofi lake, tena ndiyo inayobeba mkazo wa neno. Kwenye simba imejibana mgongoni mwa b, haina kofi. Mtoto anaandika mapigo, na kisicho na pigo hakipati herufi. Kwa hiyo simfuti kwa wino mwekundu. Namwambia afumbe mdomo, avute ile m mpaka pua itetemeke, ndipo aachie ba. Akiisikia puani, ataiandika.

Alasiri watoto hao hao wanakwenda madrasa, wanasoma alifu, be, te, na fat-ha, kasra na dhumma, zile alama za a, i na u. Mtaani kwetu yupo maalimu mzee aliyerithi kwa baba yake utenzi ulioandikwa kwa mkono, Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu. Nilimwomba anisomee, nami nikakaa ubavuni nikifuata kidole chake.

Akafika kwenye neno lenye be mbili, kila moja na fat-ha yake. Kwa aliyesoma madrasa tu, hapo ni "baba", basi. Mzee hakusema baba. Alisimama, akarudi mwanzo wa ubeti, akausoma tena kwa sauti ya kughani, akasema: "Pamba." Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha: Kiarabu hakina p, kwa hiyo waandishi wa zamani walitumia be. Ile m iliyobanwa na b hawakuiandika. Basi be mbili zenye fat-ha zinaweza kuwa baba, papa, bapa, bamba au pamba. Kilichomwamulia ni kina. Kipande cha kwanza kiliishia kwa "nyumba", hilo halina ubishi katika kisa kile, na vina havina budi kulingana. Mba inataka mba, na kati ya bamba na pamba maana ya ubeti ndiyo iliyochagua. Na pale ambapo kina kimoja hakitoshi, zipo mizani nane, yaani silabi nane, za kila kipande. Neno likizidi au likipungua, sikio linakataa.

Nilirudi nyumbani nikiwaza siba. Waandishi wa pwani, watu wazima, mafundi wa lugha, waliacha sauti ile ile wanayoiacha watoto wangu wa miaka sita. M ya "mtu" waliiandika, kwa kuwa inasimama peke yake. Ya simba, hapana. Na hawakuwa wachanga katika kazi hiyo: barua za Kilwa za mwaka 1711, ambazo ndizo maandishi ya Kiswahili ya zamani kabisa tuliyonayo, zimehifadhiwa Goa, India, nazo ni za herufi za Kiarabu.

Kwa hiyo nakataa ninaposikia kwamba herufi zile hazikutufaa. Ziliwafaa sana watu waliokuwa nazo. Utenzi ulisomwa kwa sauti mbele ya watu waliokulia katika lugha, na karatasi ilimkumbusha msomaji kitu ambacho nusu yake kilikuwa kichwani tayari. Pa kulalamika papo kweli: Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi, sisi tuna irabu tano, hivyo kasra ikabeba i na e, dhumma ikabeba u na o, na "bubu" akafanana na "popo". Anayelijua neno hapotei. Mgeni, karani wa serikali na mtoto anayekutana na neno mara ya kwanza, hao ndio wanaopotea.

Na watu wa pwani wenyewe waliliona tatizo hilo. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, yule yule aliyetuhifadhia mashairi ya Muyaka, mshairi mkongwe wa Mombasa, alizitengeneza herufi ziweze kutofautisha sauti zetu, e na o zikiwemo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti lake la Sahifa hapo Mombasa mwaka 1930, aliliandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mwaka huo huo ndipo kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi ya kusanifisha Kiswahili, kwa herufi za Kirumi. Shule zikafuata kamati.

Herufi za Kirumi nazishukuru, ndizo zinazonipa mkate. Zimetupa irabu tano na m ya simba. Lakini nazo huacha. Mzee wa Mombasa akitaja kaa la moto na kaa wa baharini utasikia tofauti: yule wa baharini ana pumzi kwenye k. Sisi tunaandika kaa na kaa, msomaji atajua mwenyewe. Ndiyo kazi ile ile aliyoifanya maalimu juu ya pamba, ila ni ndogo zaidi.

Kinachoniuma ni hiki. Utenzi mwingi umelala katika maktaba za Dar es Salaam na London, na wanaoweza kuusoma ni wachache, wakati mtoto wa Tanga mwenye miaka tisa anazijua herufi na anaijua lugha. Hajaonyeshwa tu kwamba vinaweza kukaa pamoja. Mwaka huu, kwa ruhusa ya maalimu, nimeanza kukaa na watoto wakubwa kidogo baada ya madrasa, tukiandika Kiswahili kwa herufi wanazozijua.

Mmoja alitaka kuandika "papai". Akakwama kwenye p. Akafikiri, akachora be na kuiongezea nukta, zikawa mbili chini. Mwenzake akaruka: hiyo ni ye! Wakabishana. Nukta mbili juu ni te, tatu juu ni the, mbili chini ni ye. Wakakubaliana tatu chini, maana hapo hapana mwenyewe. Sikuwa nimewaambia kuwa Waajemi wana p ya namna hiyo hiyo. Niliwaambia baadaye, wakafurahi, kisha wakaanza kugombea ch.